Kabla Hamjavuka Ziwa

Katika kila kijiji cha Ziwa Kisale yupo mtu mmoja unayepaswa kumtembelea kabla hujaandika jina hata moja kwenye orodha ya safari. Ni mama aliyewahi kuwapikia wamisionari, au mzee aliyewapigia kasia, aliyewabebea masanduku, aliyewafulia nguo. Nenda kwake jioni, keti, umuulize swali moja: wageni wale walituudhi kwa lipi? Walichohubiri usikiulize, hicho kimeandikwa. Uliza walikulaje chakula chetu, nani walimlipa na nani walimsahau, mzee wa kijiji walimwita kwa jina gani, nyumba ipi waliondoka bila kuiaga. Nenda na daftari. Utakayoyaandika usiku huo ndiyo somo la kwanza la timu yako, na sijaona semina ya Lubumbashi iliyotoa lililo bora kuliko hilo.

Kinkondja imepokea wageni wa injili kwa zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1915 William Burton na James Salter walifika Mwanza, upande wa Malemba-Nkulu, wakaanzisha kazi iliyozaa makanisa mengi ya Kipentekoste ya ukanda huu. Mwaka 1920 akaja Edmund Hodgson, wengi wanamjua kwa jina la Teddy, ambaye aliweka makao yake hapa Kinkondja na kuandika kitabu kizima juu ya kuwahubiria wavuvi wa Kongo. Wakatoliki nao wana misheni yao hapa, na wana hesabu yao ya wageni. Lakini iko timu nyingine ambayo mimi huithamini kuliko hizo zote: Waluba waliokamatwa na kuuzwa utumwani Angola, wakamjua Kristo hukohuko, na utumwa ulipokwisha wakashika njia ya kurudi nchi ya Waluba wakiwa wahubiri. Shalumbo ndiye anayekumbukwa zaidi kati yao. Watu wale walikuwa wamekula chakula cha kupewa, wamelala mahali pa kuonyeshwa, wameitwa majina wasiyoyataka. Walipofika kwa watu walijua mgeni anavyoonekana machoni pa mwenye nyumba.

Sasa zamu ya kuwa mgeni ni yetu. Haya ninayoandika yanahusu timu ndogo inayotoka Kisale kwenda kwa wavuvi wa Ziwa Tanganyika upande wa Tanzania, kuanzia Kigoma. Nimechagua huko kwa sababu mvuvi akimhubiria mvuvi, nusu ya kazi imekwisha kabla ya wimbo wa kwanza: mnajua wote wawili nyavu zikichanika inakuwaje. Mnaokwenda Zambia mtabadilisha majina ya mipaka, na mengi yaliyobaki yatawafaa.

Barua kwanza

Msianze na mchango. Anzeni na barua, tena barua yao kuja kwenu. Timu inayojialika yenyewe humtwisha mwenyeji mzigo asiouomba, naye kwa adabu zake hatasema. Kwa hiyo mwandikieni mchungaji wa huko kwamba mngependa kuja mkiitwa, kisha mkae kimya mpaka aitikie. Akiitikia, mwombeni aandike tarehe, idadi ya watu anaoweza kuwalaza, kazi anayotaka ifanyike, na mambo matatu asiyoyataka kabisa. Hilo la mwisho litamshangaza. Mwambieni mnalitaka kwa dhati. Timu moja niliyosafiri nayo ilijibiwa hivi: msiombee wagonjwa majumbani bila mzee wa kanisa letu, msiwape watoto peremende, msilale na njaa mkasema mmeshiba. Tuliyashika hayo mawili ya kwanza.

Kanisa linalowaalika liwe limesajiliwa. Tanzania vyama vya dini husajiliwa Wizara ya Mambo ya Ndani, na mchungaji wa kweli hachukii kuulizwa namba ya usajili wa kanisa lake. Mwombeni pia aende mwenyewe Uhamiaji kuuliza kibali gani kinatakiwa kwa wageni watakaohubiri, maana kuja kutembea ni jambo moja na kuja kufanya kazi ya dini ni jingine. Upande wetu mtabeba barua ya jumuiya yenu yenye muhuri, pamoja na nakala ya mwaliko. Mpakani semeni ukweli. Ndugu mmoja wa timu yetu aliulizwa anakwenda kufanya nini, akajibu, "Kutembea tu." Begani alikuwa na kipaza sauti, na mfukoni vitabu vya nyimbo 40. Tulikaa kwenye benchi siku nzima, na haki walikuwa nayo wao.

Nani aende

Wanane wanatosha. Kumi na wawili wanapendeza kwa sababu ya mitume, lakini hebu fikiri nyumba ya mvuvi itawalaza wapi. Kila mmoja awe na kazi ya pili mkononi: mmoja awe fundi wa mashine za boti, mmoja muuguzi, mmoja ajue kushona nyavu, mmoja asiye na haya ya kuingia jikoni kwa watu kuosha sufuria. Kama kwaya nzima inataka kwenda, na itataka, chagueni sauti nne. Watu wa Tanzania wanapenda muziki wa Kongo tangu zamani, mtakaribishwa sana. Kwa sababu hiyohiyo mtajaribiwa kugeuza safari kuwa tamasha.

Mweka hazina asiwe mchungaji, wala ndugu wa mchungaji. Mimi humpa mama, tena mama anayeshika likelemba, ile akiba ya zamu, ya wenzake na hajawahi kugombana nao. Kiongozi wa safari naye si lazima awe mwenye cheo kikubwa kanisani. Awe mtu anayeweza kusema "turudi" na wote wakarudi. Kubalianeni jambo hili mapema mbele ya wazee, kwa maandishi, kwa sababu njiani ni kuchelewa.

Mkutane kila wiki kwa miezi mitatu. Msifanye maombi tu kwenye mikutano hiyo. Pikeni pamoja, safirini pamoja kwa mtumbwi mpaka kijiji cha upande wa pili wa Kisale, laleni huko siku mbili kama wageni. Asiyeweza kukaa siku mbili bila kulalamika juu ya mkeka, huko ziwa kubwa atawachosha. Ni afadhali alie hapa nyumbani kwa kuachwa.

Tarehe ichaguliwe na mwezi

Hapa ndipo timu nyingi hukosea, hata zile zenye uzoefu. Sisi wa Kisale tumezoea kusafiri kiangazi, mvua zikiwa zimekwisha. Lakini dagaa wa Tanganyika, wale tunaowaita ndagala, huvuliwa usiku kwa taa. Taa huwavuta samaki pale giza linapokuwa nene. Mbalamwezi ikiwaka, taa haina nguvu, na wavuvi hukaa nchi kavu siku kadhaa wakirekebisha nyavu na kukaa na familia zao. Mkipanga mikutano ya jioni wakati wa giza, mtahubiria wanawake, watoto na wazee, na wanaume wote watakuwa majini. Mkipanga kuzunguka mwezi mpevu mtawapata. Basi kabla ya kuuliza mchungaji ana nafasi lini, tazameni kalenda ya mwezi.

Liko na jambo la pili. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulifungwa tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Hiyo ndiyo miezi tunayoipenda sisi. Ziwa likifungwa wanaume wako nyumbani na nafasi wanayo, lakini mfukoni hamna kitu, na mwenyeji wa namna hiyo akiwachinjia kuku ujue amekopa. Mwulizeni kama mwaka huu litafungwa na lini. Mkienda wakati huo, nendeni na unga wenu, mafuta yenu na chumvi, mvikabidhi jikoni siku ya kwanza bila hotuba. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, wanasema. Kwa wavuvi jembe ni wavu, nanyi ombeni siku ya kwanza.

Njia mbili, na moja ya kurudi

Kutoka Kinkondja mna njia mbili. Ya kwanza inafuata maji: mnashuka Lualaba kupita Malemba-Nkulu na Ankoro hadi Kabalo, hapo mnashika reli ya Kabalo hadi Kalemie iliyofika ziwani mwaka 1915, kisha mnavuka kwa meli au boti hadi Kigoma. Kwenye ramani ndiyo fupi, nayo inamvutia kila mtu wa majini. Ya pili inapanda: boti hadi Bukama, ambako reli ilifika mwaka 1918, kisha treni au lori hadi Lubumbashi, Kasumbalesa, kuipita Zambia mpaka Tunduma, halafu kwenda kaskazini kwa mabasi kupitia Sumbawanga na Mpanda. Ni ndefu kupita kiasi na ina mipaka miwili badala ya mmoja.

Mimi ningechagua ndefu, isipokuwa niwe na habari mpya za juma hilohilo kutoka Kabalo na Nyunzu. Reli ile haina siku inayoaminika, na jimbo la Tanganyika limeona mapigano ya Watwa na Waluba yaliyofukuza watu wengi makwao. Timu iliyojaa Waluba isijifanye haina kabila. Piga simu kwa wachungaji watatu wa njiani, si mmoja, na usiwaulize "kuna usalama?", maana watajibu "Mungu yupo". Waulize: lori la mwisho lilipita lini, nani alikuwa ndani, lilifika saa ngapi.

Mwezi wa Novemba 1960, Hodgson na mwenzake Elton Knauf wa New Zealand waliuawa walipokuwa katika safari ya Lulungu. Hodgson alikuwa amekaa kwetu karibu miaka 40. Lugha aliijua, njia aliijua, watu walimjua. Sisemi hili ili kuwatisha, wala sina haki ya kuwahukumu waliokuwa wanawaendea ndugu zao. Ninalisema kwa sababu nimewasikia vijana wakisema "huko tunajulikana" kana kwamba ni ngao. Ndiyo maana kiongozi wenu anahitaji ile karatasi ya wazee inayomruhusu kuwageuza.

Majini, hapa kwetu na kule, msisafiri usiku na msipande boti iliyojaa hadi maji yanagusa mbao za juu. Nunueni makoti ya kuokolea maisha mwanzoni kabisa, kabla ya sare za kwaya. Nimeona timu yenye vitenge vya aina moja, vilivyoshonwa vizuri mno, na koti moja la kuokolea watu kumi.

Makaratasi

Pasipoti ichukuliwe mapema, iwe na angalau miezi 6 mbele yake siku ya kusafiri. Kwa mtu wa Kinkondja maana yake ni safari nzima ya kwenda mjini kupigwa picha na kutoa alama za vidole, kusubiri, na kurudi kuichukua. Mwezi mmoja hautoshi. Lipeni bei rasmi, ombeni risiti, na asiwepo wa kuwaambia kwamba ana ndugu ofisini. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, wengine wakadhani mipaka imefutwa. Haijafutwa. Lubumbashi kuna konseli za Tanzania na Zambia: pitieni mkaulize masharti ya viza wenyewe, ya wakati huo, badala ya kutegemea aliyesafiri mwaka juzi.

Kadi ya manjano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, mtaombwa bila shaka, maana mnatoka Kongo. Sindano ichomwe si chini ya siku 10 kabla ya kuvuka. Aliyekwisha kuchanjwa hahitaji kurudia: tangu mwaka 2016 cheti hicho kinahesabiwa kuwa cha maisha, hata kama kadi ya zamani imeandikwa miaka kumi. Wekeni nakala za kila kitu katika mikoba miwili tofauti, na nakala nyingine kwa katibu wa kanisa Kinkondja.

Mkifika Kigoma msiache pasipoti chumbani. Mkoa ule una kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa wakimbizi kutoka Kongo, na wakimbizi hawaruhusiwi kutembea nje ya kambi kama wapendavyo. Mkongomani asiye na karatasi barabarani atadhaniwa ametoroka. Baadhi yenu mna ndugu kambini na mtatamani kuwaona. Kuingia kunahitaji kibali cha serikali, kiombwe na mwenyeji kabla hamjaondoka, la sivyo msijaribu.

Kiswahili chetu, Kiswahili chao

Tunadhani hatuna shida ya lugha. Tunayo, na inafurahisha. Mzee wa timu yetu alisimama kanisani, akawashukuru waumini, akaeleza kwamba ameacha bibi yake na watoto nyumbani, kwenye lupango yake. Kwetu kila neno lilikuwa safi: mke wake, watoto wake, kiwanja chake. Kule bibi ni mama wa mzazi, na lupango kwa maneno ya mtaani ni mahabusu. Kanisa zima likamhurumia mzee aliyefungiwa nyanya yake jela pamoja na watoto. Ibada ya pili walileta mchango.

Fanyeni mazoezi basi. Si kujifunza kusema kama redio ya Dar es Salaam. Kiswahili cha Katanga si kibovu, kina watu wake na historia yake, na mhubiri anayejilazimisha lafudhi ya wengine huchekesha kuliko anayekosea. Semeni taratibu tu, na jueni maneno yenye mtego. "Kamata Biblia yako" kwetu ni chukua. Kule anayekamatwa ni mwizi. Bukari wao huita ugali. Anayezoea kushukuru kwa Kiluba, "wafwako", ajizuie mbele ya mgonjwa, maana masikio ya watu wengi wa Kibantu husikia kifo ndani ya neno hilo.

Kubwa kuliko yote ni shikamoo. Sisi hatuna. Tunasema "jambo papa", "jambo mama", tunashikana mikono, basi. Kule mtu mdogo akimpita mkubwa bila shikamoo amemtukana, hata akiwa na Biblia kwapani. Mzoee tangu mikutano ya Kinkondja: kila anayeingia amsalimie aliyemzidi umri, naye ajibu marahaba. Vijana watacheka wiki mbili, ya tatu watazoea. Msimwite mama mtu mzima kwa jina lake. Mwiteni mama fulani kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kama mfanyavyo nyumbani.

Saa nazo zina vituko. Kigoma iko saa moja mbele ya Kalemie. Zaidi ya hapo, wenzetu waliosoma huzoea kutaja saa kwa Kifaransa, wakisema nane kwa maana ya asubuhi. Mtanzania akikwambia saa nane anakusudia mchana, jua likiwa limepinda. Rudieni kila ahadi kwa maneno: asubuhi baada ya chai, mchana baada ya chakula.

Wahubiri wenu wasome andiko kutoka Biblia ya wenyeji. Wengi huko hutumia tafsiri ya Umoja ya mwaka 1952 na wamekariri mistari yake. Ukiwasomea kwa maneno mengine, akili zao zitakuwa zinakusahihisha badala ya kukusikiliza.

Majirani wa wenyeji wenu wengi ni Waislamu, hasa Ujiji. Vipaza sauti vizimwe wakati wa adhana, mavazi yawe ya heshima, na hapana kutaja dini ya mtu mwingine mimbarani. Waluba tunakumbuka misafara ya pembe na watumwa iliyotoka upande ule. Ni kweli, na si hadithi ya kuwasimulia wenyeji waliokupa kitanda. Ukitaka kusimulia juu ya njia za kale, simulia Sanga: wachimbaji walioanza kufukua makaburi ya Kisale mwaka 1957, na wengine waliofuata, walikuta humo kauri zilizotoka Bahari ya Hindi. Mabibi zetu, na hapa nasema kwa Kiswahili cha Tanzania, walizikwa na vitu vilivyotoka pwani yao. Watu hupenda kusikia kwamba tulianza kupeana vitu kabla hatujaanza kugombana.

Mwili, na lile lisilosemwa

Kipindupindu tunakijua kuliko wengi. Kwetu maziwani si mgeni. Ila tukiwa safarini tunasahau kunawa kana kwamba ugonjwa umebaki nyumbani. Bebeni sabuni, vidonge vya kutibu maji, na kila mmoja ajue kwa kichwa: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chumvi. Kuharisha kukizidi, hospitali, maombi yaendelee humohumo njiani. Alale kila mtu ndani ya chandarua chake. Mwenye dawa za kila siku, za presha, za sukari, za virusi, abebe za muda wote wa safari na wiki mbili zaidi, amweleze muuguzi peke yake, na muuguzi afunge mdomo. Magunia ya dawa za kugawa msibebe: bila vibali zitashikiliwa, na mpaji wa dawa asiye mganga anaweza kuua.

Kisha kaeni mzungumze juu ya kifo. Najua haisemwi. Lakini katika kundi dogo la Burton na Salter mmoja alikufa kwa homa kabla ya kufika, na safari ya mto haijawa ya mchezo tangu hapo. Kila mtu aandike kwa mkono wake: akifa kule, azikwe kule au arudishwe, nani apigiwe simu wa kwanza, mama yake aambiwe na nani. Familia isaini. Kurudisha mwili kutoka Kigoma hadi Kinkondja kunaweza kuzidi gharama ya safari nzima ya timu, na si haki kuwaachia wenyeji deni hilo pamoja na matanga. Karatasi zifungwe kwenye bahasha, akae nazo mweka hazina. Nilipoleta jambo hili mara ya kwanza mama mmoja alitoka nje. Alirudi baada ya nusu saa na karatasi imejaa pande zote mbili, hadi nyimbo alikuwa amechagua.

Pesa na ahadi

Faranga zetu mwisho wake Kalemie au Kasumbalesa. Bebeni dola mpya, zisizo na tundu wala kona iliyochanika, na mbadilishe dukani au benki, mkipewa risiti. Tangu mwaka 2025 Tanzania imeamuru bei za ndani zilipwe kwa shilingi, kwa hiyo msimlazimishe mwenye gesti dola. Pesa zigawanywe kwa watu watatu, hesabu iandikwe kila jioni mbele ya wote. Theluthi ya fedha isiguswe kabisa mpaka mmeshika njia ya nyumbani. Hiyo ni ya ugonjwa, ya boti lililokosekana, ya siku nne zisizotarajiwa Tunduma.

Sadaka itakayotolewa kwenye mikutano ni ya wenyeji, yote. Zawadi ya timu ipitie kwa wazee wa kanisa, hadharani. Na chungeni neno "tutaona". Mkionyeshwa kanisa lisilo na mabati, kijana atasema kwa huruma tu, "Tutaona, tutaongea na nyumbani." Yeye ameshasahau kabla ya chakula, wao wameshaanza kuhesabu mabati. Sisi tunalijua vizuri jambo hilo, kwani tuna kuta ambazo ziliahidiwa paa na mgeni mpole aliyelia machozi ya kweli, na nyasi zimeota ndani. Katika daftari la yule mama wa kwanza nina hakika utaikuta hadithi ya namna hii. Semeni: hatuna uwezo huo, tunaomba pamoja nanyi. Inauma siku moja.

Mzigo

Begi moja kwa mtu, analoweza kulibeba mwenyewe mguu mmoja ukiwa ndani ya mtumbwi. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019: funga vitu kwa kitambaa au mfuko wa turubai, maana tunavyopenda visashe tungeanza safari kwa faini. Nguo za madoa ya kijeshi, hata kofia, zibaki. Samaki wa Kisale waliokaushwa, najua kila mama atataka kupeleka gunia. Forodhani wataulizwa vibali, na kabla ya hapo basi zima litawalaani. Pelekeni mikeka. Ngoma moja inatosha, nyingine mtaazima, na kuazima ngoma ni njia nzuri ya kukaa na vijana wa mahali.

Laini ya simu ya kule mgeni huisajili kwa pasipoti na alama za vidole, fanyeni siku ya kwanza. Namba zote muhimu ziandikwe pia kwenye karatasi. Simu huanguka majini, kwetu mnajua.

Mkisharudi

Ushuhuda kanisani utakuwa mrefu na wa furaha, acheni uwe. Lakini mwezi mmoja ukipita, mmoja wa akina mama wa timu ampigie mke wa mchungaji wa kule, peke yake, bila spika, waongee habari za watoto na za samaki. Baada ya hapo amuulize tuliwaudhi kwa lipi. Mchungaji hatawaambia, na akiulizwa na kiongozi wa timu atasifu tu. Mama kwa mama, baada ya kucheka kidogo, litatoka. Majibu yaandikwe kwenye daftari lilelile, ukurasa unaofuata maneno ya bibi wa Kisale, na timu ya mwaka ujao isipewe orodha ya mizigo kabla haijazisoma kurasa zote mbili.